Mngurumo Uliohama

Nyayo ndizo zilizomfanya Sajini Tushabe avue kofia na kuinama.

Byamungu alikuwa amelazwa kwenye meza ya bati katika chumba cha maiti, Mbarara, saa mbili asubuhi ya Jumatatu. Fundi mwashi, miaka arobaini na mmoja, mkimbizi kutoka Kivu Kusini. Jumamosi saa kumi na moja jioni alikuwa nyuma ya kanisa lao pale Base Camp, katikati ya makazi ya Nakivale, akikandika ukuta kwa udongo. Saa kumi na moja na robo alikuwa amekufa. Hayo ndiyo pekee ambayo watu wote walikubaliana.

"Kiganja cha kulia," daktari alisema kwa Kinyankore, akielekeza kwa kalamu. "Na nyayo zote mbili. Ngozi imekuwa ya kijivu, ina kishimo katikati. Umeme uliingia mkononi, ukatokea miguuni. Moyo ulikuwa njiani."

"Mkono wa kushoto?"

"Hauna kitu."

Tushabe aligeuza kiganja kile kuelekea dirishani. Kando ya jeraha kulikuwa na mstari wa kahawia, mpana kama kidole gumba, umekatiza kiganja kizima.

"Hii ni damu?"

"Nilidhani hivyo. Nimepitisha pamba mara mbili. Ni kutu."

Alifungua ripoti ya kituo cha Nakivale akaisoma tena, amesimama. Marehemu alishika waya wa sola uliochunwa kwa makusudi na mshukiwa. Waya wa sola ni wa shaba. Shaba haiachi kutu, na waya mwembamba haujazi kiganja. Aliandika maneno mawili kwenye daftari lake: Alishika chuma.

Simu ikalia. Alikuwa Inspekta Rwakishaya, mkuu wa kituo cha Nakivale.

"Sajini, uko wapi? Gari ya mahabusu inatoka hapa saa nane. Huyo fundi Mrundi ataingia ndani. Shtaka ni mauaji."

"Afande, ningoje nifike."

"Fika. Lakini saa nane haingoji mtu. Wakongomani wamekaa kwa geti yangu tangu jana. Wakivunja mlango, wewe utaandika ripoti gani?"

Mtu akiingia rumande kwa shtaka la mauaji anaweza kungoja kesi yake miaka mitatu. Tushabe alitia daftari mfukoni, akatoka nje, akapanda gari kabla dereva wake hajawasha injini.

*

Getini palikuwa na watu kama mia mbili. Hawakupiga kelele. Walikaa chini wakatazama mlango wa mahabusu.

Vielelezo viliwekwa kwenye benchi ndani ya ua wa kituo: betri moja ya gari na kipande cha waya mwekundu kilichochunwa ngozi. Saa nne na dakika ishirini.

"Hiyo ndiyo imeua," Rwakishaya alisema. Alikuwa mtu mnene, macho mekundu, hajalala siku mbili. "Kanisa linatumia sola. Fundi wa sola ni huyu Vénant. Ijumaa aligombana na marehemu, akamwambia, ukigusa tena waya yangu utaona. Watu kumi wamesikia. Jumamosi marehemu ameona."

"Betri ina chaji?"

"Imejaa. Nimepima."

Tushabe alitemea mate vidole vyake, mkono huu na huu, akashika ncha mbili za betri kwa pamoja. Rwakishaya aliruka nyuma hata kiti kikaanguka. Sajini alibaki ameshika, akahesabu polepole mpaka ishirini, akaachia.

"Mama yangu," inspekta alisema.

"Volti kumi na mbili, afande. Inasukuma kidogo tu, na ngozi ya mtu ni ukuta. Haipiti." Alijifuta mikono kwenye suruali. Baba yake alikuwa akitengeneza redio Kakiika, na yeye alishika chuma cha kulehemu kabla ya kushika kalamu. "Tena hata kama ingekuwa na nguvu. Umeme ya hii betri inatoka ncha hii, ni lazima irudi ncha hii nyingine. Ikikosa njia ya kurudi, haitoki kabisa. Lakini Byamungu umeme imemtoka miguuni, imeingia kwa udongo. Udongo na hii betri hazijuani."

"Basi imemuua nini?"

"Umeme inayojuana na udongo. Ya nguzo. Kule kwa transfoma waya moja imefungwa ardhini, kwa hiyo ardhi yote ni barabara ya kurudi nyumbani."

"Kanisa halina umeme ya nguzo, Sajini. Nguzo imeishia kwa kinu cha kusaga."

"Ndiyo maana nataka kuongea na fundi."

Vénant aliletwa na pingu. Kijana mwembamba wa miaka ishirini na saba, shati limepasuka begani, mdomo umevimba upande mmoja. Alisimama wima mno kwa mtu aliyepigwa.

"Ulimwambia marehemu atakiona?"

"Nilimwambia. Alikuwa amekata waya wangu mara tatu na mwiko wake. Maana yake nitamshitaki kwa pasta."

"Kwa pasta tu?"

"Afande, mimi ni Mkatoliki. Kwa kanisa lao sina mwingine wa kumshitakia."

Rwakishaya alikohoa ili asicheke. Tushabe hakucheka.

"Kuna mtu amewahi kukuomba umvutie umeme kwa waya moja? Moja tu, ingine ikiwa nondo kwenye udongo?"

Kijana aliangalia chini, kisha akamtazama usoni.

"Wengi. Waya mmoja ni nusu ya gharama, na kuuficha ni rahisi. Nimewakatalia wote. Nimewachorea mpaka chini kwa kijiti: umeme unakwenda na unarudi, na ukiurudisha kwa udongo, udongo ukikauka utakwama pale kwenye nondo. Halafu nondo inangoja mtu."

"Niambie majina yao."

"Hapana."

"Gari inakungoja, Vénant."

"Ninaliona. Mimi nimetajwa bila ushahidi, afande. Unataka nami nitaje mtu bila ushahidi?" Sauti yake ilipanda kidogo. "Niliwachorea ili waogope. Kama kuna mmoja aliyechukua ile picha akaenda kuifanya, simjui ni nani, na sitamtupa kwa wale wa getini nikibahatisha."

 Tushabe alimwambia konstebo ampe maji.

*

Nyuma ya kanisa ukuta ulikuwa umekandikwa nusu. Mwiko wa Byamungu bado ulikuwa kwenye karai, umegandamana na udongo. Ilikuwa Julai, tangu mwezi uliopita mvua haikuwa imenyesha, na ardhi yote ilikuwa imepasuka kama ukoko wa ugali.

Isipokuwa mahali pamoja.

Hatua moja kutoka ukutani palikuwa na unyevu, duara la upana wa ungo. Kuku watatu walikuwa wakichakura hapo kwa fujo. Tushabe aliwafukuza, akachuchumaa. Udongo ulikuwa laini, umejaa mashimo ya nyungunyungu waliotoka juu kwa wingi, katikati ya kiangazi. Katikati ya duara palikuwa na shimo lililofukiwa kwa haraka. Alilifukua kwa kidole. Lilikuwa na upana wa kidole gumba, na lilikwenda chini moja kwa moja.

Kando yake, ndani ya tairi bovu, palikuwa na mwaridi. Mwaridi ulikuwa umekufa. Majani yalivunjika mkononi.

"Afande." Mwanamke alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta, kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa Orpa, mjane wa Byamungu. "Bwana yangu iko mu friji ya Mbarara, na weye uko natazama maua?"

"Pole, mama. Nani anamwagilia hapa?"

"Mama Gisèle. Mukubwa wa bamama ba kanisa. Kila asubuhi na kila mangaribi anakuja na bidon yake. Batu bote wanamusifu."

"Anamwagilia huu mwaridi?"

"Sasa atamwagilia nini ingine?"

Tushabe alisimama. Alitazama tairi kavu, akatazama duara la unyevu, hatua moja katikati. Mtu anayebeba dumu la maji mara mbili kila siku na kulikosa ua kwa hatua nzima si mtu anayependa maua. Hakusema hilo. Kusema kungefika sokoni kabla yake.

"Jumamosi, wakati mume wako alianguka, palikuwa na chuma hapa?"

"Mi nilikuwa ku shamba. Nilifika, nikakuta wanamubeba." Orpa alikaza kitambaa. "Yule Mrundi atatoka?"

"Gari inatoka saa nane."

"Nimeuliza kama *yeye* atatoka."

"Nimesikia ulichouliza, mama."

Ndani ya kanisa mtu alikuwa akijaribu gitaa. Sauti ilikatika, ikafuatwa na mngurumo mzito, wa chini, usiopanda wala kushuka. Tushabe aligeuka kama aliyeitwa kwa jina.

*

Mpiga gitaa aliitwa Gradi, kijana wa kwaya mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa ameketi karibu na mlango wa mbele, spika yake kubwa kando yake, akijiandaa kwa nyimbo za mazishi.

"Hiyo kelele ni ya nini?"

"Ni ya bure, afande. Sijashika hata kamba moja. Sikiliza." Aliinua mikono yote miwili hewani. Gitaa liliendelea kunguruma. "Ilianza mwezi wa tano. Batu ba korali wanasema ni pepo. Pasta aliiombea siku tatu. Ilinyamaza dakika tano, tukasema aleluya, ikarudia."

"Spika inatumia umeme gani?"

"Batri. Ile mulichukua ilikuwa ya mataa. Hii ni ya bafle, hii spika, nayo inajaza na sola."

Tushabe alivuta kiti. Umeme wa betri hutembea upande mmoja, kimya, hauna mtetemo. Mngurumo ule ulikuwa wa umeme unaogeuka mara hamsini kwa kila sekunde, umeme wa nguzo. Betri haiwezi kuuzaa. Basi ulikuwa unaingia kutoka nje.

Aligonga kwa kucha kile kibati kilicho chini ya nyuzi za gitaa. "Unajua humu ndani kuna nini?"

"Hapana."

"Sumaku, na waya mwembamba imezungushwa juu yake mara elfu nyingi. Kamba ikitetemeka, sumaku inatetemeka, waya inazaa umeme kidogo, spika inasema. Lakini hiyo waya haichagui. Kila sumaku inayotetemeka karibu yake, itaisikia. Na kila waya inayobeba umeme ina sumaku kuizunguka."

"Kila waya? Sasa mbona kule kwa kinu hailie hivi?"

Lilikuwa swali zuri, na Tushabe alimtazama upya. "Kwa kinu waya ziko mbili, zimelala pamoja. Moja inapeleka, ingine inarudisha. Sumaku ya hii inaifuta sumaku ya ile. Ili ilie hivi, inataka waya iko peke yake."

Waya mmoja. Gradi alisukuma miwani juu.

"Afande, kuna kitu. Tangu mwezi wa tano kelele ilikuwa kule." Alielekeza kona ya nyuma, upande wa madhabahu, upande ule ambako Byamungu alikuwa akikandika. "Mi nilikuwa nakimbia ile kona. Jana dimanche, kwa ibada, nikaenda kule kwa kujaribu. Kimya kabisa. Nikarudi huku ku mulango, fasi ambako haijalia hata siku moja, ikalia. Ni kama imehama."

"Jana. Siku moja baada ya kifo."

"Ndiyo. Nikasema pepo imeogopa damu."

Hapo mngurumo ulikatika, ghafla, bila mtu kugusa kitu. Tushabe aliangalia saa yake. Saa sita na dakika mbili. Alimwashiria Gradi asiseme, wakakaa. Dakika ya sita mngurumo ulirudi kwa kishindo kidogo, kama mtu anayeshtuka usingizini. Ulidumu dakika kumi na moja. Ukakatika tena. Dakika sita za kimya. Ukarudi.

Taa haifanyi hivyo. Kinu hakifanyi hivyo. Kitu kinachovuta pumzi na kuachia kwa saa ni kitu chenye baridi ya kulinda.

"Nani hapa ana friza?"

*

Duka la Mama Gisèle lilitazamana na ubavu wa kanisa, ukuta wake wa nyuma ukigusana na kinu cha kusaga. Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke mkubwa mwenye uso mwema, kitenge cha huzuni, mikono inayonuka samaki.

"Karibu afande. Jua ni kali. Soda ya baridi?"

"Leta, mama."

Friza lilikuwa jeupe, kubwa, limesimama kimya nyuma ya meza. Mama Gisèle alilifungua. Samaki walikuwa wamepangwa hadi juu.

"Samaki mingi hivi."

"Ni ya kilio ya Byamungu. Maiti ikirudi, batu watakula. Niliahidi Orpa." Alifuta chupa kwa kitenge. "Huyu Vénant, afande, mupo munamulinda ya nini? Aue muntu wa Mungu nyuma ya kanisa, halafu mutamupa chai?"

"Friza inatumia nini?"

"Sola. Mungu alinibariki."

Tushabe alikuwa ameiona sola hiyo akiingia. Paneli moja, ndogo kama sinia, juu ya paa la banda. Juu yake muhogo ulikuwa umeanikwa ukauke.

Hakunywa soda. Aliketi pembeni ya friza, saa ikiwa juu ya goti, na akatazama nje. Kutoka kwenye kiti hicho, kupitia dirisha la kuuzia, aliona kona yote ya nyuma ya kanisa: tairi, karai, ukuta uliokandikwa nusu. Aliyeketi hapa Jumamosi saa kumi na moja alikuwa na kiti cha mbele.

Mlangoni mwa kanisa, hatua arobaini mbele yake, Gradi alikuwa amesimama na gitaa kifuani, kimya, kama alivyoambiwa.

Saa sita na dakika arobaini na mbili.

Friza lilishtuka, likaanza kunguruma. Kwa sekunde hiyohiyo, mlangoni mwa kanisa, gitaa lilianza kulia.

Mama Gisèle alikuwa akipanga chupa. Hakugeuka. Kwake ile ilikuwa kelele ya pepo wa kwaya, kama ilivyokuwa kwa kila mtu.

"Asante kwa soda," Tushabe alisema.

*

Walifuata sauti. Gradi alitembea ameinamisha gitaa karibu na ardhi, na watu wawili wa kwaya wakabeba spika na betri nyuma yake. Sauti ilipopungua walirudi, ilipopanda waliendelea. Haikuelekea tena nyuma ya kanisa. Ilipita mbele ya mlango, ikafuata mstari wa pumba za mahindi zilizomwagwa chini kama zimeanguka kutoka kwenye gunia lililotoboka. Tushabe alisukuma pumba kwa buti. Chini yake udongo ulikuwa umechimbwa karibuni.

Watu walianza kuwafuata. Kwanza watoto, kisha wanawake, kisha wale wa getini. Mtu alisema, "Polisi wanacheza muziki." Hakuna aliyecheka sana.

Mstari uliishia kwenye bomba la maji.

Gitaa lilikuwa linapiga mayowe. Pale chini ya bomba palikuwa na tope, mabaki ya gunia juu ya mawe, na foleni ya wanawake kumi na tano wenye madumu. Nusu yao walikuwa pekupeku. Tushabe aliinua mikono yote miwili.

"Wote nyuma. Mbali na hili tope. Acha madumu, mama, acha hapo."

"Kuna nini? Tumefika tangu asubuhi."

"Kazi ya polisi. Nyuma."

Walisogea wakinung'unika. "Hata hivyo," mmoja alisema, "tangu jana hapa chini panauma. Unakanyaga, mguu unasisimka."

Orpa alikuwa kati yao, dumu mkononi. Saa ilikuwa saba na dakika ishirini. Nondo ilikuwa imehamishwa kutoka penye ua lililokufa kwenda mahali pekee pengine penye maji ya bure, ili udongo wake usikauke. Samaki walipaswa kubaki baridi.

Tushabe alimvuta konstebo kando, akaongea karibu na sikio lake. "Nenda kwa kinu. Mwambie mwendeshaji ashushe swichi kuu, na simama hapo, mtu asiirudishe. Kisha tazama nyuma ya mashine, ukuta unaogusa duka. Tafuta waya moja inayopita."

Konstebo aliondoka. Tushabe alimtuma mtu mwingine amwite Mama Gisèle, na mwingine amwambie Inspekta Rwakishaya aje na mshukiwa wake. Kisha alingoja saa mkononi. Mngurumo ulikuwa umeanza upya dakika tatu zilizopita. Ulikuwa na dakika nane za kuishi.

Mama Gisèle alifika anahema. Rwakishaya alifika na Vénant, na umati ukafanya sauti moja ya chini. Vénant aliona gitaa, akaona mstari wa pumba, akaona tope la bomba. Uso wake ulibadilika. Alifungua mdomo, Tushabe akamtazama, akaufunga.

Kinu kilinyamaza, kama kinavyonyamaza kila gunia likiisha. Hakuna aliyegeuka.

Gitaa nalo lilinyamaza. Dakika tano kabla ya wakati wake. Gradi alimtazama sajini, na sajini akatikisa kichwa kidogo tu.

Alikaa kwenye jiwe akafungua kamba za buti. Akavua soksi. Akaingia kwenye tope pekupeku, taratibu, mpaka maji ya udongo yakapita kati ya vidole.  Alikunja mkono wa shati la kulia, akainama, akanyoosha mkono kuelekea lile gunia juu ya mawe.

Shubiri mbili. Shubiri moja.

"Afande, toa mukono! Usishike ile chuma!"

Mkono wa Tushabe ulisimama hewani. Hakugeuza kichwa.

"Chuma gani, Mama Gisèle? Mimi naona gunia."

 Sajini aliondoa gunia, akaondoa mawe mawili, na nondo ikaonekana, waya mweusi mmoja umefungwa kichwani mwake. Aliishika kwa kiganja kizima. Mwanamke mmoja alipiga kelele. Tushabe aliivuta, akaiyumbisha, akaichomoa ardhini, na hakuanguka.

Kisha alikwenda moja kwa moja kwa Orpa na kumfungulia kiganja chake. Mstari wa kahawia, mpana kama kidole gumba, ulikikatiza.

"Mume wako ana alama hii, mama. Mkono uleule. Daktari ameniambia ni kutu. Hakushika waya ya sola. Aliona nondo imesimama bure karibu na ukuta wake, akataka kuitoa. Alikuwa pekupeku. Na friza ilikuwa imewaka."

Orpa alitazama kiganja kile. Kisha akamtazama Mama Gisèle, na watu waliokuwa kati yao wakajitenga wenyewe.

"Kumbe sauti uko nayo," Orpa alisema polepole. "Leo imetoka muzuri. Ile samedi ya bwana yangu uliiweka wapi?"

Mama Gisèle aliketi chini. "Nilimuona," alisema. Alisema kwa udongo, si kwa watu. "Nilikuwa ku dirisha. Nikaona amekamata njia ya kwenda ku ile chuma. Nikasema, nikiita, bote watajua. Nikasema labda hatafika. Labda friza imelala. Nikahesabu." Alifuta mikono kwenye kitenge. "Haikukuwa imelala."

"Na jana ukaihamisha huku," Tushabe alisema. "Kwa bomba."

"Samaki ilikuwa ya kilio yake, afande. Niliahidi."

Mtu aliokota jiwe. Rwakishaya, yule mnene asiyelala, alisimama mbele ya Mama Gisèle na kufungua mikono yake miwili. "Huyo anayetupa, ataingia gari yangu pamoja naye. Nafasi ipo." Kisha, bila kumtazama mtu, alitoa ufunguo mfukoni, akafungua pingu za Vénant, na kuzifunga mikononi mwa Mama Gisèle.

*

Saa nane kamili gari liliondoka kuelekea Mbarara.

Konstebo alikuwa ameipata ncha ya waya kule kwenye kinu, imepitishwa kwenye tundu la ukuta na kuzibwa kwa sabuni. Vénant aliomba utepe mweusi. Aliikata ile ncha, akaizungushia utepe mara tatu, akaivuta kujaribu, akaizungushia mara ya nne. Hakuwa amemsalimia mtu bado. Kisha alirudi mpaka kwenye bomba, akifuata mtaro, akiukunja waya ule mkononi hatua kwa hatua, mpaka hakukubaki kitu ardhini. Tushabe aliupokea, akaufunga kwa kamba, akauandikia lebo ya kielelezo.

Foleni ilikuwa imerudi, lakini hakuna aliyesogea. Walisimama ukingoni mwa tope, madumu mikononi, wakiangalia maji yanavyodondoka.

Orpa alikuwa wa kwanza. Tangu jana yeye pia alikuwa akienda getini kungoja kijana huyu atolewe aadhibiwe. Sasa alisimama mbele yake, akaweka dumu chini.

"Fundi. Tunaweza kuchota?"

 Vénant alivua viatu vyake, akaviweka pamoja kando, akaingia katikati ya tope kwa miguu yote miwili, akasimama humo.

"Chota, mama," alisema.